Helikopta Imepita Juu ya Bati: Namna ya Kutambua Kama ni ya Jeshi, na Namna ya Kuandika Ulichokiona

Wakazi wa Dar es Salaam wamezoea ndege. Anayeishi Kipawa, Vingunguti au Ukonga hulala na kuamka akisikia ndege za Kiwanja cha Julius Nyerere, na mtoto wa huko hujifunza mapema kukatisha maneno yake, kusubiri ndege ipite, kisha kuendelea pale alipoishia. Helikopta ni jambo jingine. Haina njia inayojulikana wala saa yake, na inapopita chini mabati hutetemeka, sufuria kabatini hugongana, na mtaa mzima hutoka nje ukiwa umeinua vichwa. Baada ya dakika mbili kila mmoja ana habari yake: huyu ameona wanajeshi wamekaa mlangoni, yule amehesabu tatu, na wa pembeni ana hakika kwamba kuna mtu anatafutwa.

Mwongozo huu ni wa dakika hizo mbili. Unamhusu mkazi wa kawaida asiye na darubini wala mafunzo ya urubani, anayetaka kujua kilichopita juu ya nyumba yake na kukieleza kwa namna ambayo mtu mwingine, awe mwenyekiti wa serikali ya mtaa au ofisa wa usafiri wa anga, anaweza kuifanyia kazi. Sharti lake kubwa ni moja, nalo ni gumu kuliko yote yatakayofuata: andika kabla ya kuuliza. Macho yako yameona kidogo, na kidogo hicho ni chako. Ukishasikia cha jirani, vyote viwili vitachanganyika na hutaweza tena kuvitenganisha.

Nililijua hilo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi ya Jumamosi huko Segerea, kitu kilipita juu yetu kwa kishindo nikiwa ndani nanywa chai. Nilipofika uani nilikuta baraza limeshakaa. “Umeziona hizo mbili za jeshi?” aliniuliza Mama Salma, jirani yangu wa ng’ambo ya ukuta. Sikuwa nimeona zaidi ya mkia uliokuwa ukipotelea nyuma ya minazi, lakini jioni niliandika kwa mkono wangu kwamba helikopta mbili za jeshi zimepita. Jumatatu yake fundi kijana aliyekuwa akipiga bati kwenye nyumba ya tatu kutoka kwangu aliteremka ngazi akanisalimu. “Shikamoo mzee. Ile juzi ilikuwa moja tu,” alisema. “Nyeupe, ina mstari mwekundu ubavuni, na maandishi yake yanaanza na tano H. Mimi nilikuwa juu ya kenchi, nimeisoma vizuri.” Ile ya pili ilikuwa mwangwi uliorudishwa na ukuta wa ghorofa lililokuwa likijengwa upande wa barabarani. Nilifuta mstari wangu, na tangu siku hiyo daftari na kalamu vimekaa juu ya friji.

Anza na sikio

Helikopta inayopita chini katikati ya nyumba husikika kabla ya kuonekana, kwa sababu kuta na miti huificha mpaka inapokuwa karibu kabisa. Sikio lako basi ndilo shahidi wa kwanza, na lina mengi ya kusema ikiwa utalipa nafasi.

Kelele ile inayopiga kama ngoma hutoka hasa kwenye mapanga makubwa ya juu, wakati injini yenyewe hutoa mlio mwembamba zaidi. Kila panga linapokata hewa hutoa pigo moja, na pigo huwa kali zaidi helikopta inapokata kona au inaposhuka, kwa kuwa hapo panga hupita ndani ya hewa iliyovurugwa na panga lililotangulia. Helikopta yenye mapanga mawili hutoa pigo zito lililoachana, “pa-pa-pa-pa”, ambalo utalisikia kifuani kabla hujalitambua masikioni. Yenye mapanga matatu au manne husikika kama mngurumo uliobanana, na ukisimama mbali unaweza kuudhania kuwa ni lori linalopanda mlima.

Sikio peke yake haliwezi kuhesabu mapigo kumi na zaidi kwa sekunde, lakini simu inaweza. Fungua kinasa sauti mara tu unaposikia mlio, iweke simu juu ya meza au kizingiti cha dirisha, na uiache inase hadi ukimya urudi. Baadaye ifungue sauti hiyo kwenye programu yoyote inayoonyesha mawimbi, uchague sekunde moja helikopta ikiwa karibu, na uhesabu vilele. Bell 205, ambayo ni ukoo mmoja na zile zilizopata umaarufu katika vita vya Vietnam, ina mapanga mawili yanayozunguka takribani mara 324 kwa dakika, hivyo utapata vilele 11 hivi. Robinson R44, helikopta ndogo ya watu binafsi, ina mapanga mawili yenye mwendo wa kasi zaidi na hutoa vilele 13. AS350 ya Wafaransa, inayopendwa na makampuni ya utalii, ina mapanga matatu na hufikia 19 au 20. Bell 412 yenye mapanga manne hufikia 21 au 22. Mi-17 ya Kirusi huwachanganya wengi, kwani ina mapanga matano lakini makubwa na yanayozunguka polepole, takribani mara 192 kwa dakika, na kwa hiyo hutoa vilele 16 tu. Hesabu yako ikikosea kwa kimoja au viwili usijali. Kinachotafutwa ni kuitofautisha ya vilele 11 na ya vilele 21, na tofauti hiyo haijifichi.

Sauti hiyo hiyo ndiyo itakayokuokoa na kosa langu la Segerea. Ukisikia milio miwili, jiulize kama ule wa pili unafuata wa kwanza kwa mpigo ule ule, ukiwa dhaifu kidogo na ukitokea upande wenye ukuta mrefu. Huo ni mwangwi. Helikopta mbili za kweli hazizungushi mapanga yake kwa hatua moja. Utasikia milio ikipishana, ikikutana, ikiachana tena, kama wapigaji wawili wa ngoma ambao hawajafanya mazoezi pamoja.

Upepo nao una neno. Wakati wa kusi, upepo ukitoka upande wa kusini, mlio wa helikopta iliyo mbali kusini kwako utakufikia kana kwamba ipo mtaa wa pili, na iliyo kaskazini itapita bila wewe kujua. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Kwa hiyo ukubwa wa mlio usiutumie kamwe kupima urefu wa angani. Kazi hiyo ina njia yake, na tutaifikia.

Sekunde nne za macho

Helikopta ikienda kilomita 200 kwa saa hukata takribani mita 55 kila sekunde. Uwazi wa anga kati ya paa lako na mwembe wa jirani unaweza kukuonyesha mita 200 za njia yake, yaani sekunde nne pungufu kidogo. Sauti nayo huchukua sekunde tatu hivi kusafiri kilomita moja, kwa hiyo iliyo umbali huo imeshasogea mita zaidi ya 150 kutoka pale sikio linapokuambia ipo. Unapotoka nje usitazame sauti inakotokea, bali mbele yake, upande inakoelekea.

Katika sekunde hizo mtu asiyejiandaa hutazama rangi. Rangi iache iwe ya mwisho, kwa sababu helikopta iliyo kati yako na jua huonekana nyeusi hata kama ni nyeupe pe, na nusu ya “helikopta nyeusi” zinazosimuliwa mitaani zilipitia upande wa jua. Tazama kwanza mkia. Je, panga dogo la mkiani liko wazi, au limezungukwa na duara kama feni iliyopachikwa ndani ya ukuta? Duara hilo ni alama ya helikopta nyingi zenye asili ya Ufaransa na Ujerumani, na huonekana hata kwa mbali. Kisha tazama tumbo: kuna magurudumu, au vyuma viwili virefu vilivyolala sambamba? Helikopta ndogo na za kati nyingi zina vyuma. Kubwa za kubebea watu na mizigo zina magurudumu, ingawa nyingine huyakunja yakaingia tumboni zikiwa angani. Baada ya hapo tazama milango ya ubavuni kama iko wazi au imefungwa. Ukibakiwa na sekunde moja, itumie kwa maandishi na rangi.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu mkia na miguu havibadiliki. Helikopta inaweza kupakwa rangi upya, kukodishwa, kuuzwa nchi nyingine na kurudi ikiwa na nembo mpya, lakini yenye mkia wa duara haigeuki kuwa ya mkia wa wazi.

Je, ni ya jeshi?

Umbo peke yake halijibu swali hili, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Bell 412 hutumiwa na majeshi, polisi, hospitali na makampuni duniani kote. Mi-17 ni helikopta ya kivita kwa mataifa mengi, lakini ndugu yake Mi-8 iliyopakwa rangi nyeupe na kuandikwa UN hubeba unga na madaktari. Kinachotakiwa ni dalili kadhaa zinazoonekana pamoja.

Ya kwanza ni maandishi. Helikopta ya kiraia iliyosajiliwa Tanzania lazima iwe na utambulisho unaoanza na 5H, ukifuatwa na mstari mfupi na herufi tatu. Ya Kenya huanza na 5Y, ya Uganda 5X, ya Msumbiji C9 na ya Zambia 9J. Ndege za Jeshi la Wananchi wa Tanzania hutumia namba zinazoanza na JW, herufi zile zile tunazoziona kwenye magari ya jeshi barabarani. Ukisoma 5H, suala limekwisha: imesajiliwa kiraia, hata kama aliyekodi ni mkubwa kiasi gani.

Ya pili ni namna rangi inavyopokea mwanga. Rangi ya kijeshi kwa kawaida haing’ai. Ni kijani, kijivu au mabaka, na jua likiipiga hairudishi mng’aro kama gari jipya. Hata hivyo kijani tupu si ushahidi. Katika miezi ya kampeni za uchaguzi, chopa yenye kijani na njano ina nafasi kubwa ya kuwa imembeba mgombea kuliko kumbeba mwanajeshi. Tangu uchaguzi wa mwaka 2005, ambapo mgombea urais wa CHADEMA Freeman Mbowe alizunguka nchini kwa helikopta, neno “chopa” limeingia katika msamiati wa siasa zetu, na kila baada ya miaka mitano anga ya jiji hujaa rangi za vyama.

Ya tatu ni mwenendo. Helikopta mbili au tatu zinazopita kwa mpangilio, zikiachiana nafasi ile ile na kukata kona kwa pamoja, mara nyingi ni za jeshi au zipo kwenye shughuli ya serikali. Moja inayozunguka mahali pamoja kwa dakika kumi inaweza kuwa ya polisi, ya wapiga picha za filamu, ya wapima ardhi au ya waokoaji. Inayopita mara moja kwa mstari ulionyooka na kutoweka upande wa baharini huenda inapeleka wageni Zanzibar.

Kabla hujafikia hukumu, tazama kalenda. Ndege za jeshi hupita kwenye gwaride za sikukuu za kitaifa, na kwa kuwa hakuna anayepita mbele ya jukwaa kuu bila kufanya mazoezi, siku kadhaa kabla ya tarehe 26 Aprili au 9 Desemba wakazi wa Temeke na Chang’ombe, karibu na Uwanja wa Uhuru, wanaweza kuanza kusikia mingurumo ikiwa sherehe inafanyika jijini. Ziara ya kiongozi wa nchi nyingine huleta mambo hayo hayo. Mvua kubwa nazo: Bonde la Msimbazi lilipofurika Desemba 2011, kila aliyekuwa Jangwani alijua kwa nini anga ilikuwa na kelele.

Programu za simu zinazoonyesha ndege zilizo angani, kama Flightradar24, zina faida, lakini zisiachiwe kuamua. Programu hizo hutegemea ishara ambayo ndege yenyewe inairusha na mashine za ardhini zinazoipokea. Ndege ya jeshi mara nyingi hairushi ishara hiyo, ni kweli. Lakini helikopta ndogo ya kiraia inaweza kutokuwa na kifaa hicho, na iliyonacho ikipita chini nyuma ya maghorofa ishara yake huzuiwa. Ukiiona kwenye ramani, umepata jibu. Usipoiona, hujapata chochote.

Kupima urefu kwa kidole gumba

“Imepita chini sana” ni maneno yasiyosaidia kitu. Kwa aliye Posta, chini sana ni usawa wa maghorofa pacha ya uliokuwa mfuko wa pensheni wa PSPF, ambayo yana takribani mita 150. Kwa aliye Chanika, chini sana ni juu kidogo ya mnazi. Kipimo kinahitajika, na unacho mkononi.

Nyoosha mkono wako wote na usimamishe kidole gumba. Kwa watu wazima wengi upana wa kidole hicho ni sentimita 2 hivi, na kutoka jichoni hadi kidoleni ni sentimita 60 hivi. Yaani umbali ni mara 30 ya upana. Uwiano huo huo unafanya kazi angani. Helikopta ambayo duara la mapanga yake, au urefu wake kutoka puani hadi mkiani, umejificha barabara nyuma ya kidole gumba, iko umbali wa mara 30 ya ukubwa wake. Kinachobaki ni kujua ukubwa. R44, AS350 na helikopta nyingine ndogo zina duara la mapanga la mita 10 hadi 11. Bell 412 ina mita 14. Mi-17 ina mita 21. Kidole kikifunika ndogo, iko mita 300. Kikifunika Bell 412, iko mita 420. Kikifunika Mi-17, iko mita 630. Zikihitajika gumba mbili kuifunika, gawanya kwa mbili. Ikitosha kufunikwa na kidole cha mwisho, ambacho ni kama nusu ya gumba, zidisha kwa mbili.

Huo ni umbali kutoka jichoni kwako. Ikiwa helikopta iko utosini, umbali ndio urefu. Ikiwa iko pembeni na si utosini, pima pembe kwa ngumi: mkono ukiwa umenyooka, kila ngumi kutoka usawa wa macho kwenda juu ni takribani nyuzi 10. Ngumi tatu juu ya upeo ni nyuzi 30, na hapo urefu ni nusu ya umbali. Ngumi nne na nusu, yaani katikati ya upeo na utosi, urefu ni saba ya kumi ya umbali. Bell 412 iliyojaa kwenye gumba moja ikiwa juu ya ngumi tatu iko mita 210 kutoka ardhini. Fanya mazoezi kwa vitu unavyovijua, kama mnara wa simu, tangi la maji la shule au kunguru, ili siku ya siku usianze kubishana na vidole vyako.

Sasa linganisha na kanuni. Utaratibu wa kimataifa wa urukaji kwa kutumia macho unataka ndege inayopita juu ya eneo la mji lenye watu wengi iwe angalau mita 300, yaani futi 1,000, juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya mita 600 kutoka ilipo. Kwingineko ni mita 150, yaani futi 500. Kariakoo, penye ghorofa kumi zenye mita 30 na ushei, hiyo ni mita 330 au zaidi kutoka barabarani. Kanuni hiyo haihusu wakati wa kuruka na kutua, na mamlaka inaweza kutoa kibali maalumu. Ndege za jeshi, forodha na polisi huhesabiwa kuwa ndege za dola, na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa sheria za anga za kiraia, ulizitenga katika ibara yake ya tatu. Kwa hiyo kipimo cha mita 200 hakithibitishi kwamba sheria imevunjwa, wala hakithibitishi kwamba ni jeshi. Kinathibitisha mita 200, na hiyo ni afadhali kuliko “chini sana”.

Saa na upande

Tatizo hili ni letu sisi wasema Kiswahili. Ukiandika “saa 3:10” bila neno la pili, wewe unamaanisha asubuhi baada ya chai, mpokeaji wa taarifa anayetazama saa yake anaona alasiri au usiku wa manane, na rubani anayetumia saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, anaona kitu kingine kabisa. Andika zote: saa 3:10 asubuhi, simu ikisoma 9:10. Ofisa wa anga ataibadilisha mwenyewe kuwa 06:10.

Kuhusu upande, usiandike “imetoka kule kwa Mangi”. Kama huna dira, tumia msikiti wa mtaani. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Dar es Salaam, kwa hiyo kibla ya hapa ni kaskazini, na ukisimama kama imamu anavyosimama, bahari iko mkono wako wa kulia upande wa mashariki na Kibaha iko kushoto. Njia hii haijawahi kuniangusha, na haihitaji chaji.

Usiku

Usiku hutaona umbo. Utaona taa nyekundu ubavu wa kushoto wa helikopta, ya kijani ubavu wa kulia, nyeupe nyuma, na nyingine inayomweka. Ukiona nyekundu iko kulia kwako na kijani kushoto, inakuja kwako. Ya jeshi inaweza kuzima zote. Hapo rudi kwenye kinasa sauti na uandike kwamba umesikia. Usiandike kwamba umeona.

Mipaka ya mtazamaji

Kutazama juu ukiwa uani kwako si kosa. Kupiga picha kambi, ghala au kituo cha jeshi ni jambo jingine. Vibao vya onyo ukutani havikuwekwa kwa mapambo, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ina meno. Usiifuate helikopta kwa bodaboda hadi inapotua. Usirushe droni kuisogelea, kwani droni yenyewe inahitaji kibali. Usiimulike kwa tochi ya leza, maana mwanga huo ukigonga kioo cha mbele hutawanyika na kumpofusha rubani aliye juu ya vichwa vya watu. Wala usitangaze kwenye makundi ya simu kwamba helikopta za jeshi zinaelekea mahali fulani muda huu. Kama ni operesheni, unaweza kuiharibu. Kama si operesheni, umezusha taharuki, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakutazama wewe uliyeanza kutuma.

Taharuki si neno dogo katika jiji hili. Wapo wakazi wa Mbagala waliokimbia na watoto mgongoni tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lilipolipuka, na wa Gongo la Mboto waliofanya hivyo hivyo usiku wa tarehe 16 Februari 2011. Kwa watu hao mngurumo wa kijeshi si burudani, na ujumbe wa sauti wa sekunde kumi kutoka kwa mtu asiyejua alichokiona unaweza kumtoa mjane kitandani.

Helikopta ikishuka kweli, kwenye uwanja wa shule au wa mkutano, kazi yako ya kwanza ni watoto. Upepo wa mapanga huinua mchanga, vipande vya bati na mwavuli wa mama lishe, na panga la mkiani linapozunguka kwa kasi halionekani kabisa. Wazuie watoto mbali, hasa upande wa nyuma, hadi mapanga yote yasimame. Ikianguka au ikidondosha kitu, usikiguse; piga 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto.

Kwa kero za kawaida, kama helikopta ya kiraia inayorudia kupita juu ya paa, taarifa yako iende Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ukitaja namba ya 5H ikiwa uliisoma. Ikiwa dalili zote zinaelekea jeshini, pitia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ana njia ya kuuliza ngazi za juu. Ukienda kwake usianze na maoni. Mpelekee ukurasa wa daftari, ulioandikwa namna hii:

“Jumanne, saa 11:40 jioni (simu 17:40). Segerea, uani kwangu. Helikopta moja, imetoka magharibi kwenda mashariki, haikuzunguka. Mkia wazi, vyuma viwili chini, mlango wa kulia wazi. Vilele 21 kwa sekunde kwenye simu. Gumba moja, ngumi tatu: kama mita 210. Rangi sikuiona, ilipita upande wa jua. Maandishi sikuyasoma. Sijazungumza na mtu.”